Tangi la Lita Elfu Moja

Fundi Magodoro alifanya kazi uani kwake. Mkewe, Mama Pacha, alikata vitambaa. Bibi, mama mzazi wa fundi, alichambua mabaki ya sponji akiwa kitini kivulini, chini ya jukwaa la mbao. Juu ya jukwaa fundi alipanga marobota ya sponji.

Maji yalikuwa shida. Bomba lilitoa maji kuanzia alfajiri hadi asubuhi tu, na Mama Pacha alibeba ndoo mpaka shingo ikawa inamuuma. Fundi aliponunua tangi la lita elfu moja, nyumba nzima ilifurahi.

"Nitaliweka jukwaani," alisema. "Marobota yalikuwa makubwa kama tangi hili, na mbao hazikutikisika."

Alishusha marobota, akalipandisha tangi tupu peke yake huku akitamba. Asubuhi iliyofuata, Bibi akiwa kitini pake chini ya jukwaa, akaingiza mpira wa maji na kufungua bomba.

Jirani yao, fundi bomba waliyemwita Dada Spana, alipita kuwasalimu. Akasikia mbao zikilia.

"Shikamoo Bibi. Hebu njoo huku upesi."

"Marahaba. Kwani salamu za hapa hazifiki?"

Dada Spana aliingia chini ya jukwaa. Alimshika mkono akamtoa. Hawajafika mlangoni, nguzo ikakatika. Tangi likaporomoka juu ya kiti cha Bibi. Tangi lilikwaruzika tu. Kiti kilivunjika vipande vipande.

Fundi aliokota mguu wa kiti. "Lakini sponji ilikaa hapo miaka," alisema.

Dada Spana alichukua ndoo mbili zinazolingana. Moja akaijaza sponji, nyingine maji.

"Nyanyua, kaka."

Ya sponji fundi aliiinua kwa kidole. Ya maji ilimfanya akunje uso.

"Ndoo zote zina nafasi sawa ndani," alisema Dada Spana. "Nafasi hiyo ndiyo ujazo. Ila uzito ni tofauti. Kwa nini?"

"Sponji imejaa hewa," alisema Mama Pacha.

"Ndiyo. Ukigawanya uzito kwa ujazo, unajua kila lita imebeba uzito kiasi gani. Hiyo inaitwa densiti. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya sponji hii haifiki hata gramu thelathini."

"Na mchanga je?" aliuliza Mama Pacha.

"Ndoo ya mchanga ni nzito kuliko ya maji. Densiti yake ni kubwa zaidi."

Fundi alilitazama tangi. "Basi likijaa, ni kilo elfu moja. Nilitaka kuweka tani nzima juu ya kichwa cha mama yangu."

"Kichwa changu ni kigumu, mwanangu," alisema Bibi, "lakini si kwa kiasi hicho."

Hapo ndipo fundi alipocheka, huku akifuta macho.

Dada Spana aliwaonyesha pa kujenga msingi mfupi wa mawe na saruji, mbali na pale wanapokaa watu. Saruji ilipokauka vizuri, walilijaza tangi. Msingi haukutikisika hata kidogo. Mama Pacha akaacha kuamka alfajiri, na shingo ikapona.

Siku moja mteja wa magodoro alisema anataka kuweka tangi juu ya paa la choo chake.

"La lita ngapi?" aliuliza fundi.

"Mia tano. Ni jepesi, nimelibeba mwenyewe."

Fundi aliweka sindano chini, akachukua ndoo mbili.