Ule Mgeni Aliyeambiwa Angoje

Hii hadithi, wanangu, niliipata kwa Asekenye. Mnamjua, ule mama wa gambuti za kijani, hupitanga hapa akitoka kupiga deki hospitalini. Aliniambia akiwa amekaa hapo hapo kwa huo mkeka, na alipomaliza alikataa kuenda kwake mpaka nikamsindikiza hadi barabarani. Mtu mzima, na meno yake yote. Kwa hivyo nyinyi mkiogopa, si aibu.

Hospitali yenyewe iko upande wa Malaba. Jina siwaambii, maana siku moja mtapelekwa huko na mtakataa kuingia. Ndani yake kuna chumba cha watu ambao moyo umewachosha. Vitanda ni vinne peke yake. Kila mgonjwa amefungwa nyaya kwa kifua, na juu ya kichwa chake kuna katelevisheni kadogo kanaonyesha moyo ukiruka kama panzi. Ukiruka vibaya, kanalia. Nesi wa mchana alikuwa Apolot, binti wa Okurut wa Amukura, ule mrefu mwenye kuongea polepole.

Sheria ya chumba hicho ni moja: viatu zinabaki nje kwa mlango. Unavaa slipa za hospitali, unaingia, unaona mtu wako. Saa ya kuona wagonjwa ni saa saba mchana. Kengele ikilia mnatoka, kila mtu anavaa zake, anaenda.

Sasa siku moja kengele ililia, watu wakatoka wote, viatu ikabaki pea moja.

Zilikuwa sandol za ngozi, zile za watu wa Mombasa. Zilikuwa zimelowa, na jua lilikuwa kali huko nje. Asekenye akasimama na deki yake.

"Sista, nani bado ako ndani?"

"Hakuna mtu," Apolot akasema. "Mtu amesahau."

"Mtu anasahau viatu aje? Ameenda nyumbani na magoti?"

Wakacheka. Asekenye akazisukuma kando na deki. Jioni hazikuwa hapo. Kesho yake saa saba kengele ikalia, watu wakatoka, na sandol zikawa hapo tena, zimelowa, zinanuka dizeli na udi.

Apolot hiyo harufu aliijua. Kabla ya hizo sandol kuonekana, kwa kitanda cha pili kulikuwa kumelala dereva mmoja, Muzafaru, mwenye kuendesha trela kutoka pwani. Moyo ulimshika kwa foleni ya malori hapo mpakani, akaletwa na madereva wenzake. Alikuwa mtu wa maneno. "Sista," alikuwa anamwambia Apolot, "hii moyo yangu ni injini ya zamani. Wewe sukuma tu, itawaka." Nguo zake zilinuka hivyo, dizeli na udi. Asubuhi moja injini ilikataa kuwaka. Apolot alimsukuma kifua mpaka mikono ikamuuma, na wapi. Akamfunga macho. Wenzake wakamchukua, wakamzika siku hiyo hiyo vile Waislamu huzika.

Baada ya yeye, kitanda cha pili kilipewa mzee Ekwaro. Mzee wa watu, moyo wake ulikuwa umeanza kusikia dawa. Siku ya zile viatu za kwanza akamwita Apolot, anaongea chini chini kama mtoto ameiba sukari.

"Sista. Mwambie huyu mama atoke kwa miguu yangu."

"Mama gani, mzee?"

"Huyu amekaa hapa. Ananiwekea sikio kwa kifua. Anasikiza, halafu anatingisha kichwa."

Daktari akasema ni maji kwa mapafu, ndiyo huleta hizo ndoto, akaongeza dawa. Kesho yake, kengele ikishalia, katelevisheni ka mzee kakaanza kupiga kelele, na kabla Apolot afike, mzee alikuwa ameenda. Akaletwa mwalimu Lazarus. Alikuwa tu anavuta shuka mpaka kwa shingo kila saa saba, mtu wa miaka sitini na ndevu zake, na siku ya tatu akaenda vile vile, macho wazi, mkono mmoja umefunika kifua kama mtu anazuia mlango.

Wanangu, watu hufikiria jini hungoja giza. Huyu hakuwa na shida na jua.

Ndipo wakaleta Mourine. Msichana mdogo, amezaa wiki tatu tu, na baada ya kuzaa moyo wake ukafura kama chapati kwa mafuta. Kulala chini hawezi, anapumua akiwa amekaa, mito nyuma yake. Mama yake, Leonida, alikuwa nje kwa benchi na mtoto mgongoni. Gari la kumpeleka Eldoret kwa madaktari wa moyo lilikuwa linakuja kesho yake jioni. Kazi ya Apolot ilikuwa hiyo tu, Mourine afike hiyo jioni akiwa na pumzi. Na kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha pili.

"Daktari, tubadilishe," Apolot akasema.

"Na nani? Wote wako na nyaya. Ama umeanza uganga?"

Saa saba ikapita, kengele ikalia. Mourine akamwita.

"Sista, huyu mgeni wenu hajui saa ya kuenda nyumbani?" Alijaribu kucheka, pumzi ikakataa. "Ananisikiza moyo. Anasema sio mimi. Anauliza yeye ako wapi."

Hapo nje Asekenye alikuwa ameona kitu kingine. Aliinama apeleke zile sandol kwa tanuri ya kuchoma takataka, akaziweka sawa aziangalie vizuri. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Akazichukua na kijiti, akazitupa ndani ya moto, akazitazama zikikunjamana mpaka zikaisha. Alirudi mbio kumwambia Apolot, na akazipata kwa mlango, nzima, zina joto, moshi unatoka.

"Mimi naacha kazi," akasema.

"Usiache leo," Apolot akamwambia. "Nisaidie nitafute mtu."

Mtu alikuwa maalim Abdulnoor, ule mwenye kuuza leso na vitambaa huko Busia mjini na kuombea watu. Akaja kesho yake saa ya wageni, akavua viatu kama wengine, akaingia. Alisimama mbali na kitanda cha pili. Midomo yake ilisoma, halafu ikaacha. Akamvuta Apolot kando ya dirisha.

"Binti, huyu hakuja kuua. Ni jini wa ule dereva, wa ukoo wake, amerithiwa kutoka kwa babu. Anamtafuta mtu wake ndani ya kila moyo wanaolaza hapo, na mkono wake ni mzito. Lakini mimi siwezi kumtoa."

"Kwa nini, maalim? Huyu msichana atakufa!"

"Kwa sababu hakuvamia. Alikaribishwa na mwenye nyumba. Ananiambia aliambiwa angoje." Akamwangalia. "Nani alimwambia angoje?"

Apolot akageuka kuangalia kile kitanda.

Maana alikumbuka. Siku ile Muzafaru amekufa, saa saba, mwanamke alikuja amejitanda leso kichwani, akauliza, "Muzafaru wangu ako wapi?" Sasa manesi wa hapo wako na desturi yao. Habari ya kifo haisemwi mtu akiwa amesimama. Unaleta kiti. Unaleta maji. Unakaa na wewe, unamwangalia macho, ndipo unasema. Watu wa Malaba wanajua, ukiona nesi anakuletea kiti, anza kulia. Lakini siku hiyo Apolot alikuwa peke yake, mgonjwa mwingine anazimika, mikono bado inamuuma na kifua cha Muzafaru, na hakuwa na nguvu ya kiti. Akasema, "Amehamishwa kidogo, mama. Ngoja hapo, nakuja." Aliporudi, mwanamke hakuonekana. Apolot alishukuru Mungu, akasahau.

"Basi nenda ukamalize kazi yako," maalim akasema. "Na akikuuliza kitu, jibu ukweli, hata kama unakukata. Uongo mmoja umemweka hapa. Wa pili, hatatoka." Kengele ikalia. Alivaa viatu zake mbiombio, hakufunga hata kamba.

Wageni wakatoka. Wingu likafunika jua, mvua ikaanza kupiga mabati. Katelevisheni ka Mourine kakaanza kupanda, kakapanda, kakalia. Msichana alikuwa amefungua mdomo kama samaki, macho kwa miguu ya kitanda.

"Sista... ameingiza mkono."

Apolot alimwinua zaidi, akafungua hewa yote, akadunga dawa yenye alipaswa kudunga, na moyo haukusikia. Ndipo akafanya kitu chenye Asekenye alitazama kwa kioo cha mlango akiwa ameuma leso. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka kando ya kitanda cha pili. Akaleta gilasi ya maji, akaiweka. Akaleta kiti kingine, akakaa.

"Mama," akasema, "kuja ukae. Nimerudi."

Na kile kiti kitupu, wanangu, kikalia kwi, miguu yake ikapanuka vile kiti hupanuka mtu mzito akikaa, na ile harufu ya dizeli na udi ikajaa chumba mpaka wagonjwa wale wengine watatu wakageuza uso kwa ukuta bila mtu kuwaambia, na maji kwa gilasi yakaanza kupungua polepole, polepole, bila mkono, bila mdomo, na sauti ikatoka, si kwa kiti, ilitoka kwa kifua cha Mourine, lakini haikuwa sauti ya Mourine.

"Ulisema ningoje."

"Nilisema. Nilikudanganya, mama. Nisamehe. Muzafaru hakuhamishwa. Muzafaru ametutoka. Alikufa asubuhi ile, kabla ufike, na wenzake wamemzika."

Mvua ikazidi kupiga mabati.

"Nani alikuwa na yeye?"

Hapo Apolot alijua anaulizwa nini. Angeweza kusema daktari. Angeweza kusema madereva. Akamwangalia Mourine, midomo imekuwa ya bluu, akasikia mtoto akilia huko nje kwa benchi.

"Ni mimi," akasema.

"Mkono gani ulimfunga macho?"

"Huu wa kulia."

"Lete."

Akaunyoosha juu ya kile kiti kitupu, na ukashikwa. Asekenye aliona vidole vya Apolot vikibanwa, ngozi ikiwa nyeupe, na hakuna kitu kinachobana, halafu katelevisheni zote nne zikalia pamoja, mlio mmoja mrefu, wa kupanda na kushuka, na Asekenye ananiapia haikuwa mlio wa mashini, ilikuwa nduru, vile mama hupiga nduru akifika kwa matanga amechelewa, ikaendelea mpaka vioo vikatingika, mpaka stima ikapotea na taa zikazimika, ikaendelea hata bila stima.

Halafu ikakatika.

Stima iliporudi, panzi wa Mourine alikuwa anaruka vizuri, pole, mmoja mmoja.

"Sista," akasema, na hiyo ilikuwa sauti yake, "ameinuka. Nipe maji." Gilasi ilikuwa kavu.

Asekenye akaangalia chini kwa mlango. Sandol hazikuwepo. Jioni gari likaja, Mourine akapelekwa Eldoret, akatibiwa, na leo hii anauza nyanya Bumala, mtoto anamkimbia kati ya magunia. Kitanda cha pili hakina shida tena. Watu wanalala hapo, wanapona.

Lakini mkono wa Apolot wa kulia ni baridi mpaka leo, baridi kama samaki wa asubuhi, na wagonjwa wakiguswa wanashtuka. Na jioni ile ile Asekenye alimsindikiza nyumbani. Apolot anaishi peke yake, chumba kimoja. Walipofika, mlango ulikuwa umefungwa na kufuli vile aliuacha. Hapo chini, kwa kizingiti, sandol mbili zilikuwa zimepangwa vizuri, zimelowa, zote za kushoto.

Asekenye alitaka kupiga kelele. Apolot akamshika mdomo na huo mkono.

"Wacha," akasema polepole. "Ni mimi nilimkaribisha." Akafungua kufuli, akavua viatu zake, akaziweka kando ya zile, akaingia. Asekenye akamsikia huko ndani akivuta viti. Vilikuwa viwili.

Haya, imetosha. Kila mtu kwa blanketi. Alinga, wewe uko karibu, funga mlango, lakini kwanza kila mtu aingize viatu zake ndani. Zenye zitabaki huko nje, msiguse, na msiulize ni za nani. Laleni.