Fundi Cherehani Achagua Kompyuta

Fundi cherehani alikuwa akitia vifungo kwenye shati, pini mbili midomoni. Mawazo yake yalikuwa mbali. Shule ya jirani ilitaka sare za watoto mia mbili. Vipimo alikuwa navyo daftarini, lakini mwalimu mkuu alimwambia, "Niletee michoro na orodha kwa kompyuta kabla ya Ijumaa saa kumi. Ukichelewa, kazi nampa mwingine."

Leo ilikuwa Jumatano, na kompyuta hakuwa nayo.

Mumewe, seremala, aliingia akitabasamu.

"Nimeipata, mama watoto. Muuzaji ametuwekea hadi mchana. Inabeba vitu, we acha tu. Giga elfu moja."

"Na wepesi wake?"

"Wepesi wa nini? Cha muhimu nafasi."

"Seremala kila kitu anakiona kabati," alisema Bisibisi. Huyu alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta, aliyekuwa amekuja kuchukua gauni lake. "Shemeji, RAM yake ngapi?"

"Si nimesema, elfu moja."

"Hiyo ni ya kuhifadhi. RAM ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hebu nione hiyo karatasi uliyopewa dukani." Akaisoma. "Giga nne tu. Na prosesa ya zamani mno. Dada, ukiwa na kabati kubwa la vitambaa, halafu meza ya kukatia iwe kama sinia, utakata sare mia mbili?"

Fundi akatoa pini mdomoni. "Nitakata huku nakunja. Nitazeekea hapo."

"Basi RAM ndiyo meza. Mchoro, orodha, barua, kila unachofungua kinatandazwa hapo. Meza ikijaa, kompyuta inasuasua. Prosesa ni fundi aliyesimama mezani. Akiwa mzito, hata meza kubwa haimsaidii."

"Tuchukue yenye fundi hodari kuliko wote," alisema seremala.

"Ya nini? Hizo ni za watu wa michezo na filamu. Nyinyi inawatosha prosesa ya kati, isiyo ya zamani, na RAM giga nane. Ya kuhifadhi, hata robo ya hiyo inatosha. Na ulizeni kama RAM inaweza kuongezwa baadaye."

"Kwa hiyo chaguo langu limekataliwa."

"Limekataliwa, baba watoto," alisema mkewe. "Twende dukani."

Dukani fundi cherehani aliomba kompyuta mbili ziwashwe. Kwenye kila moja alifungua orodha, mchoro na barua kwa pamoja. Ile ya mumewe iliganda, mchoro ukabaki nusu. Ya pili, yenye giga nane, ilifungua vyote muuzaji akiwa bado anaisifu ya kwanza.

"RAM yake inaongezeka?" aliuliza fundi.

"Inaongezeka, mama."

"Nipe hii."

Siku mbili alichapa majina na kuchora. Kola ilimshinda mara mbili, akaifuta, akaanza upya. Orodha ilikaa upande huu, mchoro upande ule, na kompyuta haikukwama. Ijumaa, saa tisa na nusu, alimtumia mwalimu mkuu vyote.

Jibu la mwalimu mkuu lilikuja muda si mrefu: "Nimepokea. Kazi ni yako. Jumatatu njoo uchukue vitambaa."

Seremala alilisoma polepole, akalirudia. Kisha akaenda mwenyewe kuinjika chai.