Mlinzi Ameketi

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, Machi 2016, ukumbini hapakuwa na pa kutia mguu. Wachoraji na wapiga picha walikuwa wamemiminika Dubai kutoka kila pembe ya dunia: Mkolombia aliyechora farasi wasio na vichwa, bibi wa Kijapani aliyepiga picha za mvua tu, kijana wa Dakar na rangi zake za kuumiza macho. Katikati ya msongamano huo akatokea Thuwein, mpiga picha asiyejulikana na mtu, kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, kamera mbili shingoni, na kitambulisho amekisahau nyumbani Al Mankhool.

Mlinzi wa mlangoni akamzuia. Alikuwa msichana mrefu, sare ya buluu imemkaa vizuri, kofia ameishusha karibu na nyusi. Thuwein akajieleza kwa Kiingereza, akajieleza kwa Kiarabu, wapi. Mlinzi akamgeukia mwenzake, Herbert, akamwambia kwa Kiswahili kwamba manukato ya huyu bwana yameshaingia, sasa na yeye anataka kuyafuata.

"Na manukato yameonyesha kitambulisho, bibie?" Thuwein akauliza, kwa Kiunguja cha kwao.

Msichana alicheka mpaka akaziba mdomo. Aliitwa Resty, Mganda wa Busia, na Kiswahili alikiokota huko huko mpakani. Thuwein alizaliwa papa hapa Dubai na wazazi wa Unguja, akalelewa na shangazi yake, Bi Swafiya, nyumbani kwake Al Twar. Kabla hawajaachana Resty alimpa namba yake; jioni ile Thuwein alimpigia simu mara tatu, na mara zote tatu alikuwa na sababu ya uongo.

Kilichomteka si uzuri peke yake, ingawa uzuri ulikuwepo. Resty alisimama mbele ya picha zile saa kumi na mbili kwa siku, na alizijua kuliko wenyewe waliozichora. Ukimuuliza juu ya farasi wale, atakwambia aliyewachora anamwogopa baba yake. Ukimuuliza juu ya mvua, atakwambia yule bibi amefiwa. Thuwein alikuwa amesoma vitabu vya sanaa mpaka macho yamechoka, na hakuna kilichowahi kumfundisha kutazama kama mlinzi huyu mwenye miguu iliyovimba.

Naye Resty alimpendea kazi yake. Thuwein alipiga picha za wanawake wazee wa Kizanzibari waliozeekea Dubai, na akina mama hao hawachezi na sura zao. Kwanza aliomba ruhusa. Akishapiga, alisafisha picha, akaifunga ndani ya kitambaa na kuipeleka nyumbani kwa mwenyewe, aitazame na mabinti zake, kahawa ikinywewa. Mama akikataa, picha ilichanwa mbele yake, khalas. Bi Swafiya alizikataa tatu kwa ajili ya unywele mmoja uliochungulia nje ya mtandio. Resty alifuatana na Thuwein mara nyingi, picha amezipakata garini.

"Hapo ndipo uliponipata," alimwambia siku moja. "Wanaume wengi wanachukua tu. Wewe unauliza."

Basi msikilizeni huyo anayeuliza alivyofanya.

Mchana mmoja alimfuata Resty kazini, kwenye ghala nyuma ya ukumbi. Walinzi wa kampuni iliyomwajiri walikatazwa kuketi zamuni, na aliyekutwa ameketi alifutiwa viza na kurudishwa kwao bila mjadala. Resty alikuwa ameketi. Alikalia sanduku la mbao la kusafirishia picha, viatu amevua, kofia ipo gotini, macho ameyafumba, na mwanga wa kidirisha unamwangukia miguuni. Alikwishamwambia Thuwein zaidi ya mara moja kwamba ampige picha anavyotaka, lakini si ndani ya sare. Thuwein akapiga moja. Resty hakusikia, na Thuwein hakusema.

Mwaka uliofuata maonyesho yakamkubali Thuwein. Alitundika picha kumi na moja za wale wazee wa Kizanzibari, mashangazi zake wote, kila moja na ruhusa yake, na ya kumi na mbili akaiita *Mlinzi Ameketi*. Ilikuwa picha bora kuliko zote, na alilijua hilo. Akapanga kumvisha Resty pete mbele ya picha hiyo.

Resty alikuja katika gauni la kijani na viatu vya kuazima kwa Harriet, aliyelala naye chumba kimoja. Alipendeza mpaka watu wakampisha njia. Thuwein akamshika mkono akamfikisha ukutani. Bibi wa Kijapani alikuwa hapo, akawapigia makofi wote wawili.

Resty aliitazama picha muda mrefu, uso umemkauka.

"Itoe," alisema.

Thuwein akadhani ni haya. Akacheka, akamwita mpenzi, akamwambia dunia nzima inamsifu, aiache leo tu, kesho ataitoa, inshallah.

"Thuwein. Nakuomba. Itoe sasa hivi."

Watu walikuwa wanamsubiri ampe kila mmoja mkono. Akageuka awasalimie kidogo tu, na alipomaliza, Resty hayupo. Pete ikabaki kwenye kisanduku chake.

Asubuhi picha ilikuwa kwenye simu ya msimamizi wa walinzi. Siku ya tatu Resty alikuwa na tiketi ya kurudi kwao. Thuwein alikimbilia Jebel Ali, kwenye makazi ya wafanyakazi, akamkuta getini anafunga begi kwa kamba. Akaomba radhi, akasema wafunge ndoa leo hii, kafeel wake, mdhamini wa viza, atakuwa yeye, hataondoka.

"Mlinzi akifutiwa viza ndiyo unamuoa?" Resty alisema taratibu. "Mashangazi kumi na moja uliwapelekea picha nyumbani. Mimi ulinipeleka mbele ya watu."

"Nilisahau, Resty. Wallahi nilisahau."

"Hukusahau. Hukuona kwamba na mimi ni mtu wa kuombwa."

Ilikuwa kweli, na Thuwein alikuwa anaisikia kweli hiyo kwa mara ya kwanza. Gari la kampuni likaja. Resty akapanda.

Thuwein alirudi ukumbini akaiteremsha picha, akaichana vipande, na haikusaidia kitu. Bi Swafiya, alipoelezwa, hakumgombeza. Alimtazama tu kwa namna iliyomfanya atamani kugombezwa.

Ilipita miezi minane kabla Resty hajapokea simu ya Thuwein. Alikuwa anafundisha watoto kuchora katika shule ya parokia Busia, na sauti yake ilikuwa na furaha, jambo lililomchoma Thuwein kuliko hasira. Alisema amekwishamsamehe. Alimuuliza hali ya shangazi.

"Resty," Thuwein akasema. "Naomba ruhusa. Nije Busia, niwaone wazee wako?"

Watoto walisikika wakicheka kwa mbali.

"Asante kwa kuniuliza," Resty alisema, na hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake. "Hapana."