Uzi wa Mama Pindo

Kila asubuhi Mama Pindo ndiye aliyefungua chumba cha ushonaji. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Alifagia vipande vya kitambaa, akatia mafuta cherehani yake, kisha akakaa dirishani. Wifi yake, dada wa mumewe, alikaa nyuma, karibu na mlango wa uani. Chumba kilikuwa cha wifi, na sheria ilikuwa yake pia: anayeinuka kwenye cherehani lazima aage, aseme anakwenda wapi.

Sheria hiyo ilimtesa Mama Pindo. Tumbo lilimsokota mara kwa mara, haja ikambana ghafla. Siku nyingine lilijaa gesi na choo kikagoma. Aliona haya kutangaza safari zote hizo mbele ya wateja. Basi alisema anakwenda kununua uzi. Njia ya dukani ilipita uani, na choo kilikuwa huko huko. Akitoka chooni, alinunua uzi ili asirudi mikono mitupu. Kopo la uzi likajaa mpaka likafurika.

"Wifi, unashona nguo au unafuga uzi?" wifi alimtania. Wateja walicheka. Yeye alicheka nao, moyo ukimuuma.

Tumbo halikuwa peke yake. Mgongo ulimuuma. Kichwa kiligonga. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, akaamka amechoka kama hakulala. Hata mkojo ulimbana kila mara. Kila kitu alikisingizia cherehani. Mgongo ukiuma, alibadilisha kiti. Kichwa kikiuma, alinunua miwani. Habari za mgongo alimpa mchuaji, za kichwa alimpa muuza miwani, za mkojo alimpa muuza dawa. Za tumbo hakumpa mtu. Akawa anameza dawa za maumivu za dukani.

Ikaingia kazi kubwa ya sare za wanafunzi. Mama Pindo akabaki nyuma.

"Nakupenda, wifi yangu," wifi alisema, safari hii bila utani. "Lakini shule zikifunguliwa na sare hazijaisha, tutaumbuka. Kama umechoka na cherehani, niambie nitafute fundi mwingine."

Mama Pindo aliinamia cherehani, akaendelea kushona. Moyoni aliamini kuna ugonjwa mbaya unaomla toka kichwani hadi miguuni. Na kazi ndiyo hiyo, nyingine hakuijua.

Siku moja wifi alikwenda kupeleka nguo za wateja. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja kujaribu sare yake. Mama Pindo alikuwa akiibana kwa pini, mara tumbo likamsokota.

"Nisubiri dada, nafuata uzi!"

Alimwacha mteja amesimama na pini zake. Aliporudi, jasho lilimtiririka, na mkononi hakuwa na kitu.

"Uzi uko wapi?" muuguzi aliuliza, akilitazama lile kopo. "Na huu wote je?"

Mama Pindo alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Akaeleza yote, tumbo, mgongo, kichwa, mkojo na uchovu.

"Umewahi kumwambia daktari mmoja haya yote kwa pamoja?"

"Hapana. Tumbo na mgongo, wapi na wapi?"

"Huenda havihusiani, huenda vinahusiana. Ukimpa kila mtu kipande, nani ataiona nguo nzima? Umekonda bila sababu? Umeona damu chooni? Una homa?"

"Hapana."

"Ungekuwa na mojawapo, tungekwenda sasa hivi. Basi kesho uje zahanati, usikose."

Daktari alimsikiliza, akambonyeza tumbo, akampima damu, choo na mkojo. Hakuona dalili ya kidonda wala uvimbe. Alisema ni ugonjwa wa utumbo unaosumbuka kwa urahisi. Hauambukizi, wala si saratani. Kisha muuguzi akakaa naye kumfafanulia.

"Utumbo na ubongo huzungumza kupitia mishipa ya fahamu. Kwako mazungumzo hayo yamekuwa makelele. Kitu kidogo mwili unakihisi kwa ukali. Ndiyo maana wengi wenye ugonjwa huu huumwa pia mgongo, kichwa na misuli, huchoka, au hukosa usingizi. Wengine hukojoa mara kwa mara."

"Kumbe sikuwa najidekeza?"

"Hata kidogo. Maumivu yako ni ya kweli. Lakini usiusingizie utumbo kila kitu kama ulivyoisingizia cherehani. Dalili mpya ikija, rudi tuipime."

"Nitapona?"

"Huenda usiishe kabisa, ila unatulizwa. Kula kwa wakati, kidogo kidogo. Chunguza chakula kinachokuudhi. Punguza kahawa na soda. Tembea, lala saa zilezile. Tumia dawa aliyokuandikia daktari, zile za dukani acha. Na hofu hii ya chooni inalikaza tumbo. Mwambie wifi yako."

"Heri nishone sare za shule nzima!"

"Mwambie."

Kesho yake, kabla wateja hawajaja, Mama Pindo alimwendea wifi yake.

"Wifi, uzi ulikuwa uongo. Nilikuwa nakwenda chooni. Naumwa."

Alimweleza yote.

"Na mimi nikakucheka mbele za watu," wifi alisema.

"Hukujua."

"Sikuuliza."

Wiki zikapita. Kichwa kilipoa, mgongo ukapungua, usingizi ukarudi kiasi. Tumbo lilisokota siku nyingine, ila sasa alijua ni nini, na ile hofu ya kifo ikamtoka. Sare zilimalizika siku ya mwisho, zingine zingali na joto la pasi.

Asubuhi moja alifungua chumba, akashangaa. Cherehani yake ilikuwa nyuma, karibu na mlango wa uani. Ya wifi ilikuwa dirishani, penye jua kali.

Mchana, wateja wakiwa wamejaa, tumbo likasokota. Mama Pindo aliinuka, akafungua mdomo kuaga kama alivyozoea.

"Wifi, nakwenda..."

Wifi hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Nenda tu," alisema. "Uzi tunao wa kutosha."