Yasmini Sikio la Kulia

Mfuko wa Emna haukuona pa kupasukia ila katikati ya Soko la Chechia, zile kofia nyekundu za sufu za Tunis, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa hadi mlangoni mwa mkahawa. Kofia alizozifuma wiki nzima, bado nyeupe kabla ya kutiwa rangi, kila moja kubwa kama sufuria, zikatawanyika miguuni mwa watu. Emna akainama kuziokota huku akinung'unika, gauni lake la buluu likizoa vumbi.

"Pole, dada. Na hii umemfumia nani, jitu?"

Aliyeuliza alikuwa ameivaa mojawapo, imemfunika hadi kidevuni.

"Vua, utaitanua! Fundi mzima hujui ikishaoshwa na kupondwa itasinyaa?"

"Najua sana. Nilitaka tu unigombeze."

Huyo ndiye Sadok, fundi wa kuchana chechia kwa miiba mikavu mpaka zilainike kama mahameli. Koti lake la kazi lilikuwa limejaa manyoya mekundu ya sufu, na nyuma ya sikio la kushoto alikuwa amechomeka kishada cha yasmini. Nani Tunis asiyejua? Kushoto, moyo uko wazi. Kulia, nimeshachukuliwa, pita zako. Emna aliliona sikio lile kabla hajamwona vizuri mwenye sikio. Wanawake, bwana!

Basi wakapeana namba, simu zikaanza. Sadok mkono wa kulia unachana kofia, wa kushoto umeshika simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula kuskusi ya mama. Pilipili imenitoa machozi."

"Ningekuwepo ningekufuta."

"Nani kakualika, we mwenye maneno ya asali?"

"Mwaliko ndio nautafuta."

Emna alicheka mpaka mama yake akakohoa chumba cha pili. Akaanza kufunga uzi wa kijani ndani ya kila kofia, ili Sadok azijue za kwake.

Alasiri moja ya Agosti akapanda tramu kutoka kwao Ariana bila kumwambia, nywele zinanukia maji ya maua ya mchungwa. Alitaka kumshtukiza tu. Pale Bab Bhar, chini ya lango la mji wa kale, akamwona. Kishada kiko sikio la kulia! Simu iko sikioni, mtu anacheka.

"Ndiyo, roho yangu! Nimeshaamua, sirudi nyuma."

Emna hakumsogelea, hakuuliza. Ah, Emna, kuuliza si ujinga! Alirudi Ariana uso ameugeuzia dirishani, analia, na kabla ya kushuka alikuwa ameshaifungia namba ya Sadok.

Sadok alipiga hadi akachoka. Kofia sasa zililetwa na Habiba, shangazi yake Emna, mwenye goti bovu na mdomo mzima.

"Emna hajambo, shangazi?"

"Hajambo."

"Amesemaje?"

"Amesema nisiseme."

Akishaondoka, Sadok alizipindua kofia zote, moja moja, akitafuta uzi wa kijani. Haukuwemo. Mlangoni kwa kina Emna hangeweza kwenda, maana mlango wa binti hugongwa na mama wa kijana anayeposa, na mama yake Sadok alimwambia, "Kwanza apokee simu yako, mwanangu. Siendi kufungiwa mlango uzeeni." Ikaja baridi, na mama akafariki.

Yasmini zilipochanua tena, goti la Habiba likakataa kabisa. Emna akaubeba mfuko mwenyewe. Njia nzima alijiapiza: nitaziweka, nitageuka, basi.

Alimkuta Sadok amekaa kizingitini mwa karakana, amekonda, kishada kiko kushoto. Kabla hajamsalimu, simu ikalia. Sadok akakitoa kishada sikio la kushoto, akakichomeka la kulia, akaweka simu pale kilipotoka. Akaongea na mteja, akakata, akakirudisha kushoto. Ndipo alipoinua macho.

"Emna?"

"Mwaka jana, Bab Bhar, ulikuwa unaongea na nani?" Emna akaushusha mfuko. "Yasmini ilikuwa kulia. Ulikuwa unacheka."

Hakuhitaji kufikiri sana. "Na mama. Nilikuwa namwambia ajiandae, twende kwenu kukuposa."

Emna akakaa juu ya mfuko wake. "Mimi nikadhani..."

"Ukadhani. Hukuuliza."

"Mama hajambo?"

"Alituacha wakati wa baridi. Sinia la kupelekea baklawa kwenu alikuwa ameshalinunua. Liko kabatini."

Emna alilia palepale, majirani wakimtazama. Sadok akaingia ndani, akatoka na kofia moja nyeupe, kubwa vilevile, uzi wa kijani ndani yake.

"Hii nilikataa ipondwe. Sikutaka isinyae."

"Mwaka mzima, Sadok?"

"Mwaka mzima."

"Nilikutamani mpaka nikaichukia harufu ya yasmini."

"Sasa nani atanigongea mlango wenu? Sina mama."

"Shangazi Habiba."

"Shangazi yako? Na goti lake?"

"Kwa hili litapona, wallahi. Njooni Ijumaa. Na lile sinia la mama ulilete."

Simu ikalia tena. Mkono wa Sadok ukaenda sikioni kwa mazoea, Emna akauwahi. Akakichomoa kishada, akakichomeka mwenyewe nyuma ya sikio la kulia.

"Kikae hapo."

"Hata simu ikikatika?"

"Hata ikikatika."

Simu iliita mpaka ikanyamaza, hakuna aliyeipokea.