Uzito Ndani ya Tela

Mjomba wangu Ezron alikuwa dereva mwangalifu. Haya alinisimulia mara moja tu, bila kupandisha sauti.

Ilikuwa Septemba 1953. Alitumwa Tunduma kuchukua tela ndefu ya kulala, nyumba ya mabati yenye kitanda na jiko, aipeleke Saza kwa Mzungu mmoja mpimaji wa madini. Gari lake lilikuwa pikapu ya nusu tani. Alifuatana na Luka, mpishi wa Mzungu huyo, mtu wa rika lake. Wiki mbili kabla, Ezron alikuwa amemzika mkewe, Roda, huko Ihanda. Hakuwa amelia. Chakula alikula, kazi alifanya.

Asubuhi walipanga mizigo. Masanduku mazito yalikaa mbele, karibu na kiungio cha tela na gari, kwa sababu tela ikilemewa nyuma huyumba na kulitupa gari nje ya barabara. Akafunga minyororo miwili ya akiba, akajaribu breki, wakaondoka polepole.

Mpaka Ihanda tela ilifuata vizuri. Walipopita makaburi ya kanisa, jua likiwa la utosi, usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Pua ya pikapu ilikuwa imeinuka. Nyuma, tela ilianza kuyumba.

Akasimama. Wakafungua mlango. Masanduku yalikuwa palepale, kamba hazikulegea. Hapakuwa na mtu. Ezron akafunga kwa ufunguo.

Walipoanza mteremko wa kwenda bondeni, Luka akamshika bega.

“Baba Aida,” alimnong’oneza Ezron, “kuna mtu anatembea humo ndani.”

Ezron alisikia pia. Hatua nzito. Zilikwenda nyuma, zikasimama. Pikapu ikainua pua tena. Tela ikatupwa kushoto, ikatupwa kulia. Upande mmoja palikuwa na korongo. Alijua asikanyage breki kwa ghafla. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Akakaza usukani. Haikusaidia.

Akageuza kichwa kuelekea dirishani.

“Roda,” alisema, “sogea mbele. Huko nyuma utatuua.”

 Kisha sauti ikajibu kutoka ndani ya mabati. Ilikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya upole.

“Roda hayumo humu.”

Luka akaanza kusali. Ezron hakuhisi kitu. Aliona tu gurudumu la tela likimega ukingo wa korongo.

“Basi wewe uliyemo,” alisema, “sogea mbele.”

Hatua zikaja. Moja. Mbili. Tatu. Zikakoma nyuma ya migongo yao. Tela ikanyooka. Waliteremka hivyo maili kumi na moja.

Saza walishusha mguu wa chuma wa tela, wakafungua kiungio, wakatoa masanduku yote. Wachimbaji wanane wakajaribu kuiinua tela tupu kwa mbele waisukume kivulini. Haikuinuka. Mguu ulizidi kuzama kwenye udongo mkavu, taratibu, mpaka jioni.

Kesho yake mtu mmoja aliiinua peke yake.

Nilimuuliza mjomba kama hakuogopa. 

“Siku zile sikuwa na kitu cha kuogopea,” akasema.

Mzungu aliondoka zamani, tela ikauzwa kama chuma chakavu. Tundu la ule mguu nimeliona kwa macho yangu. Upana wake ni kiganja. Mvua ikinyesha, kiwanja chote hutuama maji. Tundu halijai. Luka aliwahi kuteremsha jiwe kwa kamba. Kamba iliisha kabla jiwe halijafika chini.