Chujio la Copper Landing

Redio ilikuwa imetangaza theluji kubwa, na duka la vyakula la Copper Landing likafurika watu kana kwamba mkate unakwisha duniani. Aila Kemppainen, koti jekundu, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, alinyoosha mkono kuchukua mkate wa mwisho. Mkono mwingine, mkubwa, ukaudaka.

"Pole, dada. Huu wangu."

"Angalau wewe unajua kudaka," Aila akamrushia kijembe. "Kamfundishe kipa wetu wa hoki ya barafuni. Yule si kipa, ni chujio!"

Kijana akacheka mpaka watu wakageuka. "Chujio mwenyewe ndiye mimi. Garrett Beaudry."

Masikini Aila! Wiki hiyo ndiyo kwanza chuo cha mji kimemwajiri awarudishe watazamaji uwanjani, na kipa hajamwona ila nyuma ya barakoa. Na pale kwao, bao likiingia, jukwaa zima humnyooshea kidole kipa wa wageni na kumwita chujio. Kumwita hivyo kipa wako mwenyewe ni kutafuta ngumi. Lakini Garrett alimgawia nusu ya mkate palepale kwenye foleni, na mapenzi yakaanzia hapo.

Timu yenyewe ilikuwa hoi. Msimu mzima inafungwa tu, jukwaa tupu, wachezaji wanasikia mwangwi wa viatu vyao kwenye barafu. Mkuu wa chuo, Dokta Whitlock, akasema jukwaa lisipojaa Jumamosi, timu anaifuta. Na ikifutwa, Garrett angekwenda Ohio. Chuo cha huko kilikuwa kimeshamwita.

Sasa Aila alikuwa na picha moja: Garrett jikoni kwake, chujio la tambi kichwani, meno yote nje. Hakumwuliza. Akaibandika mji mzima, na maneno haya chini yake: TUNAFUNGWA KILA WIKI. NJOO UMZOMEE CHUJIO WETU.

Simu ikalia.

"Aila, umenifanya kichekesho."

"Mpenzi, si tulicheka wote?"

"Jikoni! Tulicheka jikoni! Mama yangu ameliona hilo bango kituo cha mafuta."

"Wakikucheka watakuja. Wakikuhurumia watakaa nyumbani kwao. Unataka kipi?"

"Nataka mtu wangu aniulize kwanza."

Akakata. Aila akapiga tena, na tena. Garrett hakupokea. Msichana akalia mpaka macho yakavimba, lakini bango hakubandua hata moja.

Jumamosi watu wakamiminika, wazee kwa wanafunzi, machujio vichwani, mikate ya nyama ya moto imefichwa ndani ya makoti. Wageni wakafunga mapema. Vidole vyote vikamgeukia Garrett.

"Chujio! Chujio! Chujio!"

Garrett akainua barakoa. Akaweka mkono sikioni, kama asiyesikia, akawaita kwa mkono mwingine: ongezeni! Jukwaa likalipuka kwa kicheko, na tangu hapo akawa wao. Akadaka kwa glavu, akadaka kwa goti, akadaka amelala chali.

"Chujio gani hili halivuji?" akapiga kelele mzee mmoja, na wenzake wakaanza kumwimba Garrett kwa jina.

Walifungwa hata hivyo, kwa bao moja. Lakini hakuna aliyetoka. Dokta Whitlock akainuka kuchukua koti.

"Kaa chini, Dokta!" mama wa duka la mikate akamkaripia. "Hatuondoki mpaka utuambie timu inabaki!"

Miguu ikaanza kupiga mbao, du, du, du, hata vioo vya uwanja vikatetemeka. Dokta akatazama kulia, akatazama kushoto. "Haya, haya! Mwakani watacheza!"

Katika zile kelele Garrett akapanda ngazi za jukwaa na kinga zake zote za kipa, jasho linamtiririka. Aila akasimama.

"Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa."

"Basi Ohio waambie huendi. Umesikia mwenyewe, timu imebaki."

"Niliwaambia asubuhi."

"Asubuhi? Asubuhi si ulikuwa hupokei hata simu zangu!"

"Nilikuwa nimekukasirikia. Hata sasa, kidogo."

"Na timu ingefutwa je, wewe mwanamume?"

"Ningebaki hapahapa," Garrett akasema, akivua glavu ili amshike mkono, "nikukasirikie kwa karibu."